Minara ya Niagara na wingu linaloziba maporomoko: nani wa kulaumiwa?

#1 Mwana wa Ruvuma
Wakuu salaam.
Ninaishi Hamilton, Ontario. Mgeni akitoka nyumbani, safari ya kwanza anayodai ni Niagara, yale maporomoko ya mpakani mwa Kanada na Marekani, kwa hiyo nimezoea kuwapandisha watu mnara wa Skylon, wa kutazamia upande wa Kanada. Siku ikiwa nzuri unaiona Horseshoe yote, lile poromoko kubwa kuliko mengine pale, ule upinde mzima, maji ya kijani yakikunjika ukingoni. Siku nyingine unafika juu unakuta wingu jeupe limesimama kati yako na maji, huku mji mzima nyuma yako unameremeta kwa jua.
Wenyeji wa umri mkubwa wanasema zamani haikuwa hivi. Dai langu naliweka wazi: Skylon na hoteli ndefu zilizofuata pale kilimani zimevuruga upepo, na upepo huo ndio unaoyarudisha manyunyu juu ya maporomoko. Yaani majengo yaliyojengwa ili watu waone maji ndiyo yanayoyaficha. Mwenye hoja aje.

#2 Kipepeo wa Tanga
Nimeweka mkeka hapa, nasubiri wajuzi.

#3 Fundi Nondo
Mkuu, mnara umeuonea. Mimi ni mtu wa zege, na Skylon ni kazi ya kuheshimiwa. Walianza Mei 1964, ukafunguliwa Oktoba 1965. Ile shina waliimwaga kwa kalibu inayopandishwa polepole huku zege linaendelea kumwagwa, bila maungio ya kusimama na kuanza upya. Miaka ile njia hiyo ilikuwa ya maghala ya nafaka na mabomba ya moshi ya viwanda, kuipeleka kwenye jengo la watalii lilikuwa jambo geni. Lifti zimewekwa nje ya shina, zile za njano, hadi juu sekunde 52 tu.
Sasa tukija kwenye upepo: kitu cha duara chembamba upepo unakipita kushoto na kulia, halafu unaungana. Hoteli yenye ubapa wa ghorofa 30 ni ukuta. Usiviweke kapu moja. Skylon ina mita 236 kwenda juu lakini mwili wake ni mwembamba mno.

#4 Mzee Kobe
Fundi, hizo 236 ni kutoka chini kabisa kwenye bonde, maji yanapoangukia. Kutoka barabarani unapoingilia mlangoni ni mita 160. Tofauti ni mita 76. Horseshoe yenyewe ina anguko la mita 57 hivi, zinazobaki ni mwinuko wa ardhi. Mnara uko juu ya kilima cha changarawe na udongo kilichoachwa na barafu ya kale, na kilima hicho ndicho wanachokiita Fallsview. Na mnara wa kwanza pale juu haukuwa huo. Mwaka 1962 tayari kulikuwa na Seagram, mita 99, ambao baadaye ulibadilishwa majina mara nyingi kufuatana na aliyelipia tangazo. Kuna watu wanaujua kama Minolta.

#5 Kipepeo wa Tanga
Mzee Kobe hata ukitaja kimo cha jogoo atakuja na futi kamba. Endelea mzee wangu, tunafaidika.

#6 Dereva wa Mabonde
Habari za humu. Nawapeleka watalii kutoka Toronto kwa basi, kwa hiyo nasema nilichokiona. Wingu halina kanuni ya majengo. Lina kanuni ya upepo wa siku hiyo. Upepo wa kawaida pale unatoka kusini magharibi, unafuata njia ya Ziwa Erie, unayasukuma manyunyu kuelekea Goat Island, kile kisiwa kilicho kati ya Horseshoe na American Falls, na upande wa Marekani. Siku hiyo abiria wangu wanafurahi. Ukigeuka ukatoka mashariki, njia ya watembea kwa miguu upande wa Kanada inalowa kama imenyeshewa, na wakati wa baridi inageuka barafu. Nimeona hivyo asubuhi, na mchana upepo ukageuka, pakawa peupe. Hoteli zilikuwa palepale.

#7 Upepo wa Kusi
Hili halijaanzia humu. Miaka ya 2000 Niagara Parks, tume ya serikali ya Ontario inayosimamia eneo lile, ililipeleka kwa RWDI, kampuni ya wahandisi wa upepo wa hukohuko Ontario. Jibu lao lilielekea upande wa mleta mada. Upepo wa kusini magharibi ukitokea nyuma ya hoteli unaruka juu ya majengo, kisha unashuka na kujizungusha upande wa mbele, yaani palepale ukingoni. Mzunguko ule unayavuta manyunyu yaende juu na nyuma badala ya kwenda na upepo.
Dereva, ona: upepo ni uleule unaousifu, wa kusini magharibi, ila sasa kuna ukuta nyuma ya maporomoko.

#8 Fundi Nondo
Ndiyo nilichosema. Ukuta, siyo mnara. Hoteli ndefu zilianza kuota kwa wingi baada ya kasino kufunguliwa mwaka 1996. Skylon ilikuwa imesimama miaka thelathini na haikuwa na kesi.

#9 Mama Furaha wa Buffalo
Jambo bandugu. Miye niko huku Buffalo, tuko bengi batu ba Kongo. Siye tunaendaka upande wa Amerika, mu ile parke, na kuingia na miguu haulipe kitu. Kule kuko mnara yao, ya chuma na vioo, imeshikwa na jabali pembeni ya American Falls. Unapita juu ya kama daraja lenye haliendi ngambo, unasimama mu hewa, chini kuko mto. Lifti inashuka mpaka ku mashua. Pale hakuna hoteli nyuma yako, kuko miti tu. Lakini manyunyu tunayapata vilevile, batoto banaloa mpaka viatu. Sasa hiyo inatoka ku jengo gani?

#10 Mwanafunzi wa Anga
Mama Furaha kagusa penyewe. Hukohuko Buffalo, chuo kikuu, kuna mwanajiolojia aitwaye Marcus Bursik, kazi yake kubwa ni mawingu ya majivu ya volkano. Yeye na wenzake walilipima wingu la Niagara kwa macho hayohayo, wakaona kimo chake kinafuata tofauti ya joto kati ya maji na hewa. Maji yakiwa na joto kuliko hewa, ile hewa yenye unyevu iliyoko bondeni inakuwa nyepesi, inapanda. Tofauti ikiwa kubwa, wingu linapanda juu zaidi.
Ndiyo maana vuli na majira ya baridi wingu linasimama juu kuliko Skylon. Ziwa Erie linachelewa kupoa. Hewa ya Novemba imeshakuwa kali lakini maji yanakuja na joto lililobaki la kiangazi. Mei mambo yanageuka: maji bado ya baridi, hewa imeshapata joto, manyunyu yanalala chini bondeni. Hapo hoteli hazijaongezwa wala kupunguzwa.

#11 Upepo wa Kusi
Asante, hoja nzuri. Lakini joto linaeleza wingu linapanda kiasi gani. Halielezi linaelekea wapi likishapanda, wala halielezi kwa nini wazee wa pale wanasema siku za wingu zimeongezeka. Je, tofauti ya joto kati ya ziwa na hewa imebadilika kiasi hicho tangu 1996? Kama una jibu, lete.

#12 Mtoto wa Kalambo
Nawasalimu. Mnabishana na Niagara, njooni Zambezi. Mosi-oa-Tunya, wazungu wanaiita Victoria Falls, haina mnara, haina hoteli ya ghorofa nyuma yake, na jina lake ni moshi unaonguruma. Wakati mto umejaa ule moshi unaonekana ukiwa bado uko mbali sana barabarani, makumi ya kilomita. Anguko linafika mita 108, upana mita 1,708. Ukisimama mbele yake mwezi wa nne huoni kitu, unasikia tu na kulowa. Watu walilipa jina hilo kabla ya zege kufika. Kwa hiyo hoja ya majengo naona imekufa.

#13 Fundi Nondo
Haijafa mkuu. Pale Zambezi maji yanatumbukia kwenye ufa mwembamba, na ukuta wa pili uko mbele yake. Hewa inayosukumwa na maji haina pa kwenda ila juu. Niagara bonde limefunguka upande wa mto. Unaweza kusema Mosi-oa-Tunya nayo ina ukuta wake, ila huo ulijengwa na Mungu.

#14 Mtoto wa Kalambo
Basi umekubali kwamba ukuta si lazima uwe hoteli. Hata bonde la Niagara ni ukuta.

#15 Mzee Kobe
Niwarudishe nyuma kidogo, maana lawama za "mnatuharibia maporomoko" ni za kale kuliko zege lenu.
Mnara wa kwanza kabisa wa kutazamia pale haukuwa Kanada. Ulikuwa Terrapin Tower, wa mawe, ulijengwa mwaka 1833 kwenye miamba karibu na ukingo wa Horseshoe, upande wa Goat Island. Wamiliki wa kisiwa walikuwa familia ya Porter. Watu walitembea juu ya daraja la mbao, maji yakipita chini ya miguu, wakapanda ngazi za ndani. Hapakuwa na kioo wala lifti, na hakuna mnara uliofuata uliosogea karibu na maji kiasi kile. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 ukabomolewa. Sababu iliyotajwa ni usalama, ingawa wapo waliosema ni biashara, mtu asishindane na mtu.
Zama hizo kandokando ya maporomoko palikuwa na uzio, vibanda na viwanda, kiasi kwamba kuona maji ilibidi ulipie tundu. Likazuka vuguvugu la kutaka Niagara iwe huru, na mmoja wa waliolisukuma ni Frederick Law Olmsted, yule wa bustani ya Central Park ya New York. Mwaka 1885 jimbo la New York likayachukua maeneo ya ukingoni na kuyafanya hifadhi ya umma. Kanada ikafuata na Queen Victoria Park, 1888. Ndiyo maana leo Mama Furaha anaingia bure kwa miguu.
Angalieni sasa matokeo yake. Ukingo ukahifadhiwa pande zote mbili, biashara ikasukumwa nyuma. Upande wa Kanada, nyuma ni kilima, tena cha watu binafsi. Huwezi kukaribia, basi unapanda juu. Minara ya 1962 na 1965 ilizaliwa hapo. Mimi sioni kama ni dhambi, ila mji ulipaswa kuweka mpaka wa vimo mapema. Leo kuna hoteli pale iliyoipita Skylon yenyewe.

#16 Kipepeo wa Tanga
Bandiko #15 lihifadhiwe. Maswali yangu ya kawaida: huko juu kuna chakula? Na mtu wa upande wa Marekani anavukaje?

#17 Dereva wa Mabonde
Chakula kipo dada. Kuna mgahawa unaozunguka, duru moja kwa saa nzima. Unaanza supu ukiangalia maporomoko, unamaliza ukiangalia maegesho ya magari, ukivumilia yanarudi. Siku ya hewa safi unaona Buffalo upande mmoja na majengo ya Toronto ng'ambo ya Ziwa Ontario. Ugali hakuna, usiulize.

#18 Mama Furaha wa Buffalo
Kuvuka ni ku Rainbow Bridge, hata na miguu. Lakini dada, angalia makaratasi yako kwanza. Kuko bandugu huku bako na miaka mingi, kila kiangazi banaona ile taa ya Kanada usiku ku maporomoko, habajavuka hata siku moja, juu ya hati haziyatoka. Ule mnara wa Skylon banaujua kwa macho tu. Siye twapikaka nyumbani, twakula mu parke. Ugali iko.

#19 Kipepeo wa Tanga
Mama Furaha, Mungu awafungulie hati zao. Nikija Amerika nafikia kwako.

#20 Mzee wa Bwawa
Wote mmesahau maji yenyewe. Niagara si mto unaojiendea. Kwa mkataba wa 1950 kati ya Kanada na Marekani, msimu wa watalii mchana lazima yapite maporomokoni angalau mita za ujazo 2,832 kwa sekunde. Usiku, na majira ya baridi muda wote, kiwango cha chini ni nusu yake, 1,416. Mengine yanachepushwa kwenda kwenye mitambo ya umeme: Sir Adam Beck upande wa Kanada, Robert Moses upande wa Marekani. Mwaka 2013 Kanada ikaongeza handaki jingine la kilomita 10.2 chini ya mji wenyewe.
Mnaweza hata kuyafunga. Mwaka 1969, kuanzia Juni hadi Novemba, jeshi la wahandisi la Marekani liliziba American Falls kabisa ili kuchunguza mwamba. Skylon ilikuwa na miaka minne tu. Waliopanda kiangazi kile waliona jabali kavu kushoto, na Horseshoe kulia imebeba maji yote.
Hoja yangu ni kwamba maji mengi huleta manyunyu mengi. Tafuteni ratiba ya mitambo kabla ya kumlaumu mjenzi.

#21 Mwanafunzi wa Anga
Mzee wa Bwawa, hapo umenipa silaha. Kama ingekuwa ni wingi wa maji tu, majira ya baridi wingu lingekuwa nusu, maana maji ni nusu. Lakini baridi ndipo linapopanda zaidi. Maji yamepungua, wingu limekua. Kilichobaki ni joto.

#22 Mzee wa Bwawa
Usiharakishe kijana. Nusu ni kiwango cha chini tu. Baridi mitambo inaweza kupitisha maji zaidi ya hapo, barafu ikisumbua. Tena kuna jambo jingine: tangu msimu wa 1964 kila mwaka Desemba huwekwa kizuizi cha maboya mdomoni mwa mto, pale Ziwa Erie linapomwagikia, ili barafu isiteremke kwa wingi na kuziba mitambo. Hutolewa barafu ikishapungua. Kuna watu wa pale wanaoamini kizuizi hicho kinachelewesha ziwa kupata joto wakati wa masika. Kama ni kweli, hiyo hesabu yako ya joto nayo ina mkono wa binadamu. Na umeona mwaka? Mnara umeanza kujengwa 1964, kizuizi kimeanza 1964.

#23 Fundi Nondo
Mnara tena! Kila mtu akikosa mshitakiwa anamrudia Skylon.

#24 Pili wa Ghorofa
Jamani naomba nami niseme. Ninafanya usafi katika hoteli mojawapo ya zile za kilimani, ghorofa za juu. Naliona wingu kila zamu, kwa hiyo nina hamu ya kweli ya kujua.
Ninachokiona ni hiki. Upepo ukiwa mdogo kabisa, wingu linasimama wima kama nguzo, hata kipimajoto kisome nini. Upepo wa wastani ukitoka nyuma yetu, linainama kuja kwetu. Narudia: linakuja kwetu, kinyume cha upepo. Vioo vinalowa na asubuhi ya baridi vinaganda, nikivifuta vinaganda tena. Upepo ukiwa mkali sana linapasuliwa, maporomoko yanaonekana vizuri. Hilo la katikati, la kuja kinyume, ndilo linalofanana na maelezo ya Upepo wa Kusi. Nguzo ya wima inafanana na ya Mwanafunzi. Sasa nawauliza, kwa nini lazima iwe moja?

#25 Upepo wa Kusi
Dada Pili, bandiko lako lina uzito kuliko mifano yote tuliyoleta. Wingu kuja kinyume cha upepo ndiyo alama yenyewe ya mzunguko mbele ya ukuta.

#26 Mwanafunzi wa Anga
Au ni hewa ya baridi inayovutwa kuziba nafasi ya ile iliyopanda. Moto wa kuni hufanya hivyo bila ukuta wowote.

#27 Mwana wa Ruvuma
Nashukuru kwa michango. Naona mnara wenyewe umeanza kupata wakili, hoteli bado. Lakini kuna jambo hatujalijibu: ushahidi wa wazee. Watu waliokulia pale wanasema siku za wingu zilikuwa chache. Hao wote wamekosea?

#28 Dereva wa Mabonde
Mkuu, hawajakosea, wameangalia kwa wakati tofauti. Zamani mtalii alikuwa wa Juni hadi Agosti. Nani alikwenda Niagara Januari? Kasino na hoteli zilipokuja, watu wakaanza kulala pale mwaka mzima, dirishani, wamelipia chumba chenye mandhari. Sasa kila siku ya wingu ina shahidi, tena shahidi aliyelipa. Mimi mwenyewe siku hizi naendesha safari hadi Desemba, kwa sababu ya zile taa. Lazima wingu lionekane limeongezeka.

#29 Mzee Kobe
Hiyo nimeipenda, ila haitoshi. Wafanyakazi wa bustani walikuwepo mwaka mzima tangu 1888, na wao ndio wanaovunja barafu kwenye miti na reli. Tume haiwezi kuagiza utafiti wa gharama kwa malalamiko ya mgeni wa wiki moja.

#30 Mtoto wa Kalambo
Mimi nahamisha mjadala. Kalambo yetu, mpakani Rukwa na Zambia, anguko moja la zaidi ya mita 200, zaidi ya mara tatu ya Horseshoe. Hakuna mnara wa kutazamia. Tujenge au tusijenge?

#31 Fundi Nondo
Tujenge! Upande wetu, mwembamba, wa zege, kama Skylon.

#32 Mzee Kobe
Hapana. Kwenye kuta za bonde la Kalambo wanazaliana korongo marabu. Mnara wenye taa na lifti pale ni kuwafukuza. Njia ya miguu na sehemu imara ya kusimama vinatosha, na jengo lolote likae mbali na ukingo. Wenzetu walihifadhi ukingo kwanza, 1885 na 1888, ndipo wakajenga nyuma. Sisi tusianze na zege.

#33 Mtoto wa Kalambo
Na nyuma wakajenga ukuta, kwa maneno ya Upepo wa Kusi. Sheria ya vimo iandikwe siku hiyohiyo ya uhifadhi.

#34 Kipepeo wa Tanga
Naunga mkono upande wa marabu.

#35 Fundi Nondo
Sawa, Kalambo nimewaachia. Narudi Niagara. Kama hoteli ndizo zinazovuta wingu, basi siku upepo unatoka kaskazini mashariki, hoteli zikiwa mbele ya upepo na siyo nyuma, ule mchezo wa kuja kinyume usionekane kabisa. Wingu lisukumwe tu kama upepo unavyotaka. Dada Pili, siku kama hiyo ikifika tupe taarifa: upepo, joto la hewa, wingu limeelekea wapi.

#36 Pili wa Ghorofa
Nitafanya hivyo kaka Fundi. Ila wiki ijayo nahamia zamu ya usiku, na usiku maji yanapunguzwa. Nikisema wingu ni dogo, Mzee wa Bwawa atasema ni ratiba ya mitambo.

#37 Mzee wa Bwawa
Nitasema, na nitakuwa sahihi. Andika na saa.